Masale ya Mtu Aliye Hai

Mume wangu alianza kufa msimu wa baridi, na kwa kuwa Amiri ni mtu wa mipango, alianza kwa kugawa shamba.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka usingejua kama kijiji chetu cha Mgwashi kina majirani. Huku kwetu ukungu ukishuka namna hiyo, sauti hutangulia na mwenye sauti hufuata. Nilikuwa jikoni nakoroga uji nikasikia panga likikata kitu kibichi, kisha kimya, kisha likakata tena. Nikatoka na mwiko mkononi, nikaifuata sauti kwenye weupe ule. Nikamkuta amebeba mzigo wa masale begani, anachomeka vipande ardhini kimoja kimoja, kuanzia kwenye migomba kuteremka hadi mferejini.

Masale ndiyo mpaka wetu. Ukishayapanda, hakuna wa kubishana nawe, na ukifa hakuna wa kubishana na wanao.

"Baba Nasra, unafanya nini?"

"Huku juu kwa Hamza," alisema bila kunitazama. "Hapa katikati kwa Nasra, ingawa ameolewa. Na kule chini karibu na maji ni pako. Mjane asihangaike na maji."

Alilitamka neno mjane kwa upole kabisa, kama anayenikabidhi kanga mpya. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, na Mungu anisamehe, nilitamani kumchapa nao. Lakini ukungu ulikuwa ukipita kati yetu, mara namwona mzima, mara namwona kichwa na mabega tu, na nikaogopa kwamba nikinyanyua mkono nitakuta hayupo. Nikarudi kwenye uji wangu. Ulikuwa umeungua.

Mambo yenyewe yalianzia kwa binti yetu Nasra, alipofanyiwa upasuaji wa uzazi Lushoto. Hospitali iliomba ndugu wachangie damu, na Amiri akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati, maana anapenda kuonekana wa kwanza. Nasra alipona, mtoto akapona, tukarudi nyumbani na furaha zetu. Baadaye simu ikalia. Damu ya Amiri haikutumika, walisema, ina virusi vya homa ya ini, aina ile wanayoiita B. Aje apimwe zaidi.

Alikwenda peke yake. Alikwenda tena kuchukua majibu, na jioni hiyo nikamwona anapanda njia ya kwetu mikono mitupu.

Sisi watu wa milimani tuna kipimo chetu cha ugonjwa, nacho ni mfuko wa dawa. Mtu akirudi hospitali na mfuko mdogo, hayo ni mafua. Akirudi na mfuko mkubwa, ana ugonjwa wa kueleweka, na wageni wakija kumpa pole huutazama mfuko kwanza ndipo wamtazame mgonjwa. Lakini mtu akirudi mikono mitupu, na daktari amemwambia aende nyumbani, wazee hukohoa kidogo na kuanza kuzungumzia mvua. Baba yake Amiri alirudi hivyo. Dada yake mkubwa alirudi hivyo, macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, na hakuuona mwisho wa maharage aliyoyapanda.

"Wamesemaje?" nilimuuliza.

"Homa ya ini."

"Dawa ziko wapi?"

"Hawakunipa. Wamesema nirudi nyumbani."

Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani. Amiri hajawahi kupanga viatu. Hapo ndipo na mimi nikaamini.

Kesho yake aligongomea msumari kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akatundika kikombe chake cha bati. Hicho kisiguswe na mtu. Sahani yake nayo akaitenga. Tangu watoto waondoke, Hamza akienda kuchuma chai Kwamkoro na Nasra akiolewa Soni, tulikuwa tunakula sinia moja, mimi naye, bada, ugali wetu wa muhogo, katikati na mboga pembeni, huku tukigombania ukoko. Sasa akawa anakula mlangoni peke yake, amenipa mgongo, uso kautazamisha bondeni. Na kulala akahamia chumba cha Hamza.

"Nisikuambukize," alisema.

Nikamwambia, "Tumelala kitanda kimoja ujana wetu wote na uzee unaingia, leo ndiyo unakumbuka?"

Akachukua blanketi lake akaondoka. Wafu hawabishani.

Akaanza kuzunguka kuomba radhi. Kila mchana alivaa kofia yake ya kitambaa cheupe akaenda nyumba moja, akarudi, akapumzika, akaenda nyingine. Kwa jirani yetu Mussa alikaa sana. Nilipata habari kwamba amekiri kwake kuwa katika mwaka mmoja wa ukame, yeye ndiye aliyekuwa akifungua mfereji alfajiri kwenye zamu ya Mussa, maji yakaja kwenye karoti zetu, na kabichi za Mussa zikanyauka. Mussa alilia, akamkumbatia, akamsamehe kwa yote, akamletea na chupa ya mizizi michungu ya kusafisha ini. Amiri akawa anainywa kwa adabu, kwenye kikombe chake cha bati.

Nitasema jambo ambalo labda si zuri. Kufa kulimfaa mume wangu. Alikuwa mtu wa kelele, wa kudai chumvi iongezwe, wa kuuliza nani kahamisha jembe. Sasa akawa anaongea taratibu. Nikimpa maji ya kunawa ananishukuru. Katika ndoa yetu yote Amiri hakuwahi kunishukuru kwa maji. Jioni alikaa nje akitazama ukungu ukiipanda mikaratusi, akanitajia vitu alivyovipenda tangu utoto: harufu ya moto wa matawi mabichi, mlio wa maji usiku wa masika, mimi nilipokuwa msichana nikibeba kuni na kumtukana. Nilimsikiliza, moyo ukalainika. Nusura nimzoee marehemu.

Na mimi nilikuwa nimeingia katika usingizi wa ajabu. Nilikuwa naketi kumenya viazi, mara macho yanafumba. Mchana, jua liko juu, mtu mzima na kisu mkononi nimelala. Na ndoto zilikuwa zinaningoja hapo hapo mlangoni. Naota masale yameota ndani ya nyumba, yamezunguka kitanda, yana majani marefu yenye umande. Naota Amiri anatembea juu ya ukungu, miguu haizami, anaita majina ya makonde yetu moja moja, na makonde yanaitika. Siku moja niliota nimekitungua kile kikombe cha bati, nikanywa, na maji yalikuwa na ladha ya majani. Nikaamka nimeegemea gunia la mahindi na viazi vimekauka kwenye beseni. Magoti hayana nguvu. Nikajiambia ni huzuni. Huzuni nayo huchosha, nani asiyejua?

Kisha Nasra akaja na mtoto.

Alikuwa mvulana mnene, ameanza kucheka hovyo hovyo na kila mtu. Nasra akamwinua ampe babu yake. Amiri akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mikono kaificha kwapani. Mtoto akanyoosha vidole kwenye ndevu zake, anacheka, na babu mtu amegeuza uso pembeni huku machozi yanamtoka.

"Baba, mshike tu," alisema Nasra. "Kliniki waliniambia hauenezwi kwa kushika. Na mtoto amechanjwa."

"Mpeleke kwa bibi yake."

Nasra akanigeukia. "Mama, na wewe umekwenda kupima?"

"Kupima nini?"

"Si waliagiza familia nzima tupimwe? Mimi nimepima, sina, wamenianzishia chanjo. Hamza amepima huko huko Kwamkoro. Mimi nilidhani baba amekwambia."

Nikamtazama Amiri. Akatazama viatu vyake vilivyopangwa.

Hapo ndipo hasira zangu, ambazo zilikuwa zimelala usingizi mmoja na mimi, ziliamka. Zilikuwa hasira za kila kitu: uji ulioungua, kitanda kipana, yale masale niliyoyaona asubuhi hiyo yamekwisha toa majani mapya mekundu. Kama daktari aliweza kuagiza tupimwe, basi alikuwa na maneno mengi ya kusema, na kwa nini hakuwa na dawa? Nikaamua kwenda kumuuliza mwenyewe. Sikwenda kupima, nisidanganye. Nilikwenda kugombana.

Njia nzima kwenye bodaboda, kushuka Bumbuli na kupanda kutoka Soni hadi Lushoto, nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga yakawa makali na yanafuatana vizuri. Kisha nikaingizwa chumbani, na daktari akainuka kwenye kiti. Alikuwa mwanamke kijana, Daktari Dorkasi, umri hata haujamfikia Hamza kwa sura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, na maneno yote yakaniponyoka. Utagombana vipi na mtu aliyekuamkia?

Nikaanza upya kwa sauti ndogo. "Mwanangu, mlimnyima mume wangu dawa. Mkamrudisha nyumbani afe. Nimekuja kuuliza kwa nini."

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukupa akiwa hayupo, mama, hata kama ni mumeo. Lakini ugonjwa wenyewe nitakueleza." Akavuta kiti karibu. "Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi. Kuwa navyo ni jambo moja, na kuumizwa navyo ni jambo lingine. Kwa hiyo tunapima. Tunatazama virusi ni vingi au vichache. Tunatazama kama ini linaumia sasa hivi. Tunatazama kama limeshaanza kuwa na makovu. Wapo ambao virusi ni vichache na ini limetulia kabisa. Hao kwa kawaida hatuwapi dawa, kwa sababu haina cha kuwasaidia kwa wakati huo. Tunawaambia wakalime, warudi baada ya miezi sita tuwapime tena, maana hali inaweza kubadilika. Hatujawakatia tamaa. Tunawalinda."

"Na wanaopewa dawa?"

"Hao ndio ini lao linaumia."

Nilikaa nikiyageuza maneno hayo. Ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba maji ya mfereji wetu siku zote yalikuwa yakipanda mlima. Mikono mitupu ndiyo afya. Mfuko uliojaa ndiyo maradhi. Nikamfikiria Amiri na panga lake kwenye ukungu, nikataka kucheka, nikataka pia kulia, nikashindwa kuchagua.

"Na wewe mama," alisema Daktari Dorkasi, "umeshapima?"

"Mimi mzima."

"Huchoki?"

"Nani hachoki?"

"Unachoka zaidi ya zamani?"

Nikamwambia ni ndoto tu. Nikamweleza usingizi wa mchana, viazi, magoti, hata kikombe kilichotengwa na ile mizizi ya Mussa, nikitegemea aseme ni huzuni, pole mama. Hakusema hivyo. Alinitoboa kidole.

Vistari viwili vilitokea kwenye kile kipimo, vimesimama pamoja. Akanieleza maana yake polepole. Wakachukua damu nyingine ya kupeleka maabara, wakanilaza, wakanipaka maji mazito tumboni na kulitazama ini kwa mashine. Nirudi kwa majibu, alisema, na kama inawezekana nije na mzee. Kisha, nikiwa nimeshafika mlangoni, akaongeza, "Mama, kula naye. Hauambukizwi kwa sahani wala kikombe. Ni damu, ni tendo la ndoa, ni mama kwa mtoto akizaliwa. Wembe na mswaki msichangie, basi. Na hiyo mizizi michungu aiache, mingine inaliumiza ini."

Niliogopa. Nilifika nyumbani ukungu umefunga, sauti ya Amiri ikanitangulia, akiuliza kama nimekula. Sikumwambia kitu. Niliingia jikoni, nikasimama mbele ya kikombe chake kinachoning'inia, na nikajikuta natafuta msumari wa pili. Ndiyo, mimi niliyemcheka. Maneno ya daktari yote nilikuwa nayo kichwani, na mkono wangu bado ulikuwa unatafuta msumari. Siku ile nilimwelewa mume wangu kuliko miaka yote.

Lakini sikuupata, na sasa nashukuru.

Siku ya majibu nilimwambia Amiri anisindikize, nina maumivu. Marehemu wangu alikuwa mwema, akakubali mara moja. Alivaa kanzu yake nyeupe, akajipaka mafuta, na njia nzima alitazama mashamba ya watu kwa macho ya kuaga. Tulipokaribia mlango wa daktari ndipo alipotambua ni mlango gani. Nikamshika mkono wa kanzu.

Daktari Dorkasi alituamkia sote, akatuuliza kama tunaridhia azungumze majibu ya kila mmoja mbele ya mwenzake. Tukaridhia, mimi haraka, yeye kwa kuinamisha kichwa.

"Mzee, tuanze na wewe. Nilikwambia urudi lini?"

"Baada ya miezi sita."

"Na unadhani nilisema hivyo kwa nini?"

Amiri alifikiri. "Ili nisivunjike moyo, mwanangu. Mtoto aliyefiwa huambiwa baba yake amesafiri. Nilishukuru kwa huruma yako."

Daktari aliweka kalamu mezani. Alimtazama kwa muda, na nadhani alikuwa anazuia kitu usoni, kicheko au kilio sijui. Kisha akamweleza upya yale aliyonieleza mimi, safari hii akiyataja ya Amiri mwenyewe. Virusi vichache sana. Ini limetulia, halina kovu. Hana haja ya dawa sasa. Ana haja ya kurudi kupimwa, siku zote, maana baba yake na dada yake walikufa kwa ini na historia hiyo haipuuzwi. Ajihadhari na mahindi yenye kuvu. Alime, ale, ashike wajukuu.

"Kwa hiyo sifi," alisema Amiri.

"Utakufa mzee, kama sisi sote. Sioni kwa nini iwe mwaka huu."

Sijui mtu anayerudishiwa uhai hufanya nini mahali pengine. Amiri alivua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. Kisha akanigeukia, uso umejaa kelele zake za zamani zinazorudi, na nikaona kwamba bado kidogo aanze kuuliza nani kahamisha jembe.

"Mama," alisema daktari, "kwako ni tofauti."

Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka dirisha lililokuwa nyuma yake, na mawingu yakishuka kwenye msitu hadi miti ya mbali ikafutika. Virusi ni vingi. Ini linaumia, na dalili za kovu zimeanza, siyo nyingi, tumewahi. Ipo sindano, alisema, inayotolewa kwa wachache kwenye hospitali kubwa, ina adha nyingi na kwangu haishauri. Kwangu ni kidonge. Kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, huenda kwa miaka mingi, huenda maisha. Hakiviondoi virusi vyote, kinavikandamiza ini lipate kupumzika, na kovu lisiendelee. Watanipima figo mara kwa mara. "Na siku utakapojisikia vizuri," alisema, "hata siku nitakapokwambia virusi havionekani tena kwenye damu, usiache mwenyewe. Ukiacha ghafla vinaweza kuinuka kwa nguvu na kukuumiza kuliko mwanzo. Umenielewa, mama?"

"Nikimeza nitazeeka?"

"Ukimeza na kurudi kwangu, hilo ndilo ninalolitarajia."

Akanipa mfuko. Ulikuwa na kopo moja tu, dogo, lakini ulikuwa mfuko.

Amiri aliutazama. Na kwa muda mfupi, wallahi niliona, kulikuwa na wivu machoni mwake, wivu wa mtu aliyesubiri mfuko huo tangu msimu wa baridi. Kisha nikaona maneno ya daktari yanamfikia, moja baada ya jingine, na wivu ukazimika, na uso wake ukawa wa mtu aliyesimama kwenye ukingo.

"Ni mimi niliyemwambukiza," alisema.

"Hatuwezi kujua, mzee. Wengi waliupata utotoni, kwa mama zao, au kwa kucheza na wenzao wenye vidonda. Inawezekana kila mmoja alitoka nao kwao."

Nikamkumbuka mama yangu. Naye macho yake yalikuwa ya manjano mwishoni, na sisi tulimtafuta aliyemloga mpaka tukavunja undugu na nyumba nzima ya mjomba. Yalikuwa mengi ya kubeba kwa siku moja.

Tulishuka kwenye bodaboda mahali njia inapoishia, tukapanda kwa miguu. Ukungu tena. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata nikiona kanzu yake nyeupe inaingia kwenye weupe na kutoka. Sikuwa na hakika kama ninaota. Nilisikia sauti yake kabla sijajua kwamba amesimama.

"Nilikupa shamba la chini," alisema, "kwa kuwa nilidhani utakayebaki ni wewe."

"Niliona."

"Sikuwahi kufikiri vinginevyo. Hata mara moja, mama Nasra. Mimi kubaki peke yangu, hilo sikulipangia."

Akaanza kulia, na hakulia kwa upole wa marehemu. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mtu mzima mwenye kanzu, katikati ya njia ya watu. Nilimpenda sana saa ile. Nikamwambia anyamaze, kopo litaloana. Nikampa ncha ya kanga yangu, akapangusa uso nayo, akasahau kuogopa.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya jembe. Nilitoka nikaifuata, na safari hii sikuwa na mwiko. Masale yalikuwa yamekwisha shika mizizi, ilibidi kila moja alichimbe na kulivuta kwa mikono miwili. Alikuwa akiyatupa kwenye rundo na kuyatukana. Mussa alisimama upande wa pili wa mfereji, mikono kiunoni.

"Onga maundo, Amiri," akampa salamu ya asubuhi. "Naambiwa hufi."

"Mwaka huu, hapana."

Mussa akawaza. "Basi ile radhi niliitoa kwa marehemu. Wewe uliye hai bado nakudai. Nirudishie zamu yangu ya maji."

"Chukua," alisema Amiri, "chukua na ya wiki ijayo." Wakaanza kubishana ni zamu ngapi, kwa Kishambaa, sauti zikapanda mpaka kunguru wakahama. Nilirudi ndani nimeridhika. Mstari wa chini, ule wa karibu na maji, hakuung'oa. Alisema huo ni wangu, nikiwa mjane au nisiwe.

Siku hizi usingizi wa mchana umepungua. Ndoto nazo zimepungua, na nakiri nazikumbuka kidogo, yale makonde yanayoitika hasa. Amiri amerudi kwenye sinia na kwenye ukoko. Amerudi pia kwenye kelele, chumvi haitoshi, jembe halipo, viatu viko kila kona. Hanishukuru tena kwa maji, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Ila alfajiri akitoka kuswali hupitia jikoni. Nasikia kikombe cha bati kikitoka kwenye msumari, nasikia maji yakimiminwa. Anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda, kidonge kwenye kiganja, na hasemi neno mpaka nimeze. Maji yana ladha ya bati. Mimi siku zote huacha kidogo chini ya kikombe, na yeye huyanywa yaliyobaki.